Kofia ya majani: nani anajua kuipima?



Wazee walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ninaifundisha kila mwaka darasani, lakini kwa upande wa kofia za majani nimeanza kuiogopa. Sokoni kwetu mambo yamegeuka. Ile mbaya inauzwa kabla ya saa nne ya asubuhi, na ile nzuri inatembezwa mpaka jioni, halafu inarudi nyumbani na mwenyewe. Watu wanapenda kitu kizuri kama zamani. Kupima ndiko tulikosahau.

Nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu mwalimu anayesahihisha wengine bila kujisahihisha si mwalimu.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kuwa katika juri ya maonyesho ya kazi za mikono. Tulikuwa watu watatu, wote wenye diploma. Mbele yetu iliwekwa meza ndefu yenye mikeka, vitunga, mafagio, miiko na kofia saba. Tuliangalia, tukazunguka meza, tukaandika pointi. Kofia ya kwanza tuliipa 18 kwa 20. Ilikuwa na rangi tatu, nyekundu, kijani na manjano, ukingo mpana na utepe wa kitambaa kinachong'aa. Ya tatu ilipata 12. Hiyo ilikuwa na rangi ya majani makavu tu, haina utepe, haina kitu cha kuita macho. Msukaji wake alikuwa mzee mmoja wa upande wa Wamaza. Aliposikia pointi zake hakusema neno. Alichukua kofia, akaiweka kichwani, akaenda zake.

Ile ya kwanza ilinunuliwa na mwenzangu wa juri. Haikumaliza mwezi. Mvua moja ya mangaribi ilimkuta njiani, rangi ikashuka kwenye shati, ukingo ukaanguka machoni kama jani la mgomba lililonyauka, kola iliyoshika utepe ikaachia. Tulicheka sana siku ile. Lakini misimu miwili ya mvua baadaye nilikutana na yule mzee barabarani, na kofia yake ya 12 kwa 20 bado ilikuwa kichwani, imesimama vilevile. Hapo sikucheka tena.

Nilikwenda kwake kuagiza kofia kama ile. Alinionyesha alichokuwa anasuka: kofia za rangi tatu, msuko wazi, utepe wa kung'aa. Nikamuuliza, mzee, ile nyingine iko wapi? Akanijibu: «Mwalimu, ni ninyi mulisema hii ndiyo muzuri. Ile ingine nitamufumia nani?»

Jibu hilo halijaniacha mpaka leo. Pointi zetu za siku moja zilimfundisha mtu kuharibu kazi aliyoijua kwa miaka mingi. Ndiyo maana ninasema mwenye kupima si mtu wa pembeni. Mnunuzi, mchuuzi, mwalimu, juri, wote wanasuka kofia pamoja na msukaji, hata kama hawajashika jani. Wakipima vibaya, mikono itafuata.

Mzee yule alikubali kunifundisha. Ninayoandika hapa nimeyapata kwake kwanza, na kwa wasukaji wengine, halafu nimeyalinganisha na niliyosoma juu ya kofia za nchi nyingine.

1. Kofia tunayoisema

Tusichanganye mambo. Mtu wa Kasongo ukimwambia kofia, anafikiri kwanza ile nyeupe ya kitambaa, ya kushonwa kwa sindano, ambayo Waislamu wanavaa Ijumaa. Ina historia yake. Tangu miaka ya 1870, wakati Tippu Tip alipofanya Kasongo kuwa makao yake, mpaka jeshi la Dhanis lilipoingia mjini mwezi wa Aprili 1893, watu wa pwani walileta hapa mchele, lugha hii tunayoandika, na namna ya kuvaa. Neno kofia lenyewe lina asili ya Kiarabu. Kofia ile ina wapimaji wake, nao ni wakali: wanageuza kitambaa ndani, wanaangalia kila kitobo kama kimezungushiwa uzi sawasawa. Sijui mtu anayenunua kofia ya Ijumaa bila kuigeuza.

Ninayosema mimi ni ile ya majani yenye ukingo, ambayo vijana wanaiita shapo. Ni kofia ya shamba la mpunga, ya mvuvi, ya mtu wa baiskeli, ya mwenye kusafiri na jua kichwani. Kwa sababu ni ya kazi, tunafikiri haistahili kupimwa. Hapo ndipo kosa linaanzia. Kofia ya Ijumaa inakaa kivulini. Hii nyingine inapigana na jua na mvua kila siku, kwa hiyo ndiyo ingepaswa kupimwa kwa ukali zaidi.

Kofia za namna hii zinatengenezwa kwa njia mbili. Ya kwanza: msukaji anasuka mkanda mrefu, ambao watu wa pwani wanauita ukili, halafu anauzungusha kama konokono na kuushona. Ya pili: anaanza utosini na nyuzi zilizopishana, anasuka kofia nzima mpaka ukingo bila kushona. Njia zote mbili zinaweza kutoa kofia nzuri. Lakini kila moja ina ugonjwa wake, na mpimaji lazima ajue ugonjwa upi autafute wapi.

2. Jani kwanza

Sisi wa masomo tunaanza na umbo. Msukaji anaanza na jani. Mzee alinipa nyuzi mbili za rafia, akaniambia nizungushe kila moja kwenye kidole. Ya kwanza ilizunguka kama uzi wa nguo. Ya pili ililia kidogo, ikapasuka. Kwa macho zilikuwa sawa kabisa.

Tofauti ilitoka porini. Rafia nzuri inachunwa kwenye jani changa, kabla halijafunguka. Lile ganda jembamba la juu linavuliwa taratibu na kuanikwa. Jani lililokwisha kufunguka na kukomaa ni rahisi kulipata, halihitaji kupanda wala kungoja, lakini linavunjika. Kwa hiyo unapopinda ukingo wa kofia kidogo kwa vidole viwili, sikiliza. Kofia nzuri inanyamaza. Ukisikia sauti kama ya kuni ndogo zinazovunjika, iache.

Halafu geuza kofia, uangalie ndani. Madoa meusi madogo ni alama kwamba jani halikukauka vizuri, lilifungwa likiwa na maji, likaota ukungu. Wachuuzi wanajua kuficha madoa kwa kuyageuzia ndani. Weka pua pia. Jani lililokauka vizuri linanuka kama majani makavu. Likinuka kama ghala lenye unyevu, ugonjwa umekwisha kuingia, na jua halitauponya.

Mwisho, angalia upana wa nyuzi. Msukaji mzuri anazipasua zote upana mmoja kabla ya kuanza. Mwenye haraka anasuka nene na nyembamba pamoja, na ile nene inaisukuma nyembamba mpaka inakatika. Hiyo haionekani siku ya kununua. Inaonekana mwezi wa tatu.

3. Utosi

Utosi ni mahali kofia inapoanzia, na makosa ya mwanzo hayafutiki. Kwa kofia ya kushonwa, angalia mzunguko wa kwanza wa mkanda. Unapaswa kujibana wenyewe, na tundu la katikati lisizidi punje ya mchele. Tundu kubwa ni mlango wa maji. Wengine wanaliziba kwa kifungo au kipande cha kitambaa. Ukiona pambo utosini, uliza pale chini kuna nini.

Kwa kofia ya kusukwa nzima, nyuzi mpya zinaongezwa ili kichwa kipanuke. Msukaji mzuri anaziongeza kidogo kidogo, leo hapa kesho pale, mpaka mviringo unatoka bila kona. Asiyejua anaziongeza zote kwenye mstari mmoja, na kofia inapata bega, kama chungu kilichofinyangwa na mtoto. Ingiza mkono ndani, zungusha vidole taratibu. Vidole vinahesabu kona ambazo macho hayazioni.

4. Msuko

Hapa watu wengi wanafikiri wanajua. Wanasema: kofia nzuri ni ile ngumu. Wengine wanasema: hapana, ni ile nyepesi. Wote wawili wanakosea, kwa sababu ugumu unaweza kutoka kwenye jani bovu lililokauka kupita kiasi, na wepesi unaweza kutoka kwenye msuko wazi. Kinachotafutwa ni msuko uliobana kwa nyuzi nyembamba. Huo unakuwa mwepesi na wenye nguvu pamoja.

Inua kofia juu, uangalie anga kupitia ndani. Utaona mwanga ukiingia kwa matundu madogo. Usiogope matundu, kichwa kinahitaji hewa. Angalia kama yanalingana. Yakiwa madogo upande huu na makubwa upande ule, mkono wa msukaji ulichoka, au kazi ilifanywa na watu wawili na kuuzwa kama ya mmoja. Ukitaka kuhesabu, chukua rula ya mtoto wa shule, hesabu nyuzi katika santimetre mbili, mara tatu, mahali patatu. Hesabu tatu zikikaribiana, kazi ni ya mkono uliotulia.

Kuna siri moja ya maji ambayo sikuijua. Jani linasukwa likiwa na unyevu, kwa sababu kavu linavunjika. Lakini likilowanishwa kupita kiasi linavimba, na likikauka linapungua, basi msuko uliokuwa umebana unaachia wenyewe. Kofia ya namna hiyo inapendeza siku ya soko na kulegea wiki inayofuata. Mnunuzi atajuaje? Ashike nyuzi mbili zilizo jirani, ajaribu kuzisogeza kwa kucha. Zikitembea, msuko umelala. Zikikataa, uko macho.

Kwa kofia ya kushonwa, pima uzi. Siku hizi wengi wanatumia nailoni kwa sababu haikatiki. Ni kweli haikatiki, lakini inakata. Nailoni ni ngumu kuliko jani, na kila unapokunja kofia inalisega kidogo kama msumeno. Uzi wa rafia au wa pamba unachakaa pamoja na kofia, na ukikatika unashonwa tena. Angalia pia kama mkanda mmoja unapanda juu ya mwingine vya kutosha. Mikanda iliyogusana kwa ncha tu itafunguka.

5. Ukingo na pindo

Weka kofia juu ya meza iliyonyooka. Ukingo unaweza kugusa meza pande zote, au kuinuka sawasawa pande zote. Ukigusa hapa na kuruka pale, kuna mahali msuko umevutwa zaidi.

Halafu tafuta mwisho wa nyuzi. Hapo ndipo uaminifu wa msukaji unapojulikana. Msukaji mzuri anarudisha kila ncha ndani ya msuko, anaificha, ndipo anaikata. Mwenye haraka anakata zote sawa na ukingo, halafu anafunika kwa kitambaa cha kushona au cha kola. Kitambaa si kosa kwa chenyewe, kinaweza kulinda pindo. Lakini omba ruhusa ya kukifunua kidogo. Nyuzi zikionekana zimekatwa kama nywele za mtoto anayerudi shule, basi kitambaa kile ni bandeji.

Jaribio la mwisho ni maji. Usimwage maji juu ya kofia ya mtu sokoni, utaleta ugomvi, na utakuwa na kosa. Lowanisha kidole, kipitishe juu ya ukingo, ungoje kidogo. Ukingo mzuri unalainika na kurudi. Ukinunua, nyumbani nyunyiza maji, acha ikauke kivulini, na ukiona imerudia umbo lake mpe msukaji salamu zangu.

6. Rangi

Mtanijibu: mwalimu, sasa uzuri hauna kazi? Una kazi, na mimi si adui wa rangi. Lakini tutofautishe rangi iliyosukwa na rangi iliyopakwa.

Msukaji akitia nyuzi rangi kwanza, ndipo asuke, ile michoro inatoka kwenye hesabu. Akikosea uzi mmoja, kosa linaonekana mpaka mwisho wa kofia. Kwa hiyo michoro ya kusukwa inamfunua msukaji, inaonyesha kama anajua kuhesabu. Rangi ya kupaka juu ya kofia iliyokwisha inafanya kinyume: inafunika nyuzi zisizolingana, inafunika madoa, inafunika viungo. Futa kwa kitambaa chenye maji. Ikitoka kwenye kitambaa, itatoka kwenye paji la uso wako pia.

Kofia yetu ya 18 kwa 20 ilikuwa ya kupakwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyefuta.

7. Kichwa cha mwenye kuvaa

Kofia inapimwa pia juu ya kichwa, na kichwa hicho kina kazi yake. Mwenye kupanda mpunga anainama mchana kutwa. Anahitaji ukingo unaofunika shingo, na kichwa cha kofia kinachoshika bila kamba. Mtu wa baiskeli anapambana na upepo, ukingo mpana utampofusha. Mwenye kubeba mzigo kichwani hana kazi na kofia ya ukingo, anahitaji kata. Kofia moja inaweza kuwa nzuri kwa huyu na mbaya kwa yule, bila msukaji kuwa na kosa.

Hapa nitende haki kwa kasketi ya kitambaa inayotoka katika mabalo ya nguo kuukuu. Watu wanaoichagua si wajinga. Bei yake ni ndogo, inakunjwa mfukoni, inafuliwa kwa sabuni. Lakini inafunika paji tu. Masikio na shingo vinabaki kwa jua. Wanaosema kofia ya majani imeshindwa na kasketi wajiulize kwanza ni kofia gani iliyoshindana. Kama ni ile ya rangi tatu, ilistahili kushindwa.

8. Wengine wanapima namna gani

Nilipofika hapa nilijiuliza kama tatizo ni letu peke yetu. Nikatafuta, nikakuta kwamba kazi hii imepimwa mbali sana, na kwamba kipimo kimoja hakitoshi watu wote.

Kofia ya majani inayojulikana zaidi duniani inaitwa ya Panama, lakini haitoki Panama. Inasukwa Ecuador, kwa jani la mmea unaoitwa toquilla. Jina la Panama lilishika kwa sababu zilipitishwa huko kwenda kuuzwa, tena Rais Roosevelt wa Marekani alipotembelea kazi za mfereji mwaka 1906 alipigwa picha akiwa amevaa moja. Zile nzuri kupita zote, za Montecristi, zinachukua miezi kusukwa na kuuzwa kwa maelfu ya dola. Wapimaji wanaziinua kwenye mwanga na kuhesabu nyuzi, na pindo lililorudishwa ndani kwa mkono linathaminiwa kuliko lililokatwa. Mwaka 2012 UNESCO iliandika usukaji huo katika orodha ya urithi wa binadamu. Niliposoma habari hizo nilimkumbuka mzee wetu. Kuinua kwenye mwanga, kutafuta pindo: alinifundisha mambo yale yale, na hajasikia jina la Ecuador.

Lakini hesabu ya nyuzi peke yake isitudanganye. Kofia ya Montecristi ni ya mtu anayetembea mjini. Ukiipeleka katika mashimo ya dhahabu ya Salamabila, haitamaliza wiki. Kipimo cha wembamba kinafaa pale kofia ni pambo. Kwetu kofia ni chombo.

Mfano wa pili ni Uingereza. Katika karne ya 19, vijijini Bedfordshire na Hertfordshire, watoto walipelekwa katika shule za kusuka mikanda ya mabua ya ngano, na mji wa Luton ulishona mikanda hiyo kuwa kofia. Vijana wetu wanaofuata mpira wajue kwamba timu ya Luton Town mpaka leo inaitwa «watengeneza kofia». Mwisho wa karne ile mikanda ya bei ndogo ikaanza kuingia kutoka China na Japani. Viwanda vya Luton viliendelea kushona, lakini wasukaji wa vijijini waliacha. Jina la kofia lilibaki, mikono ikapotea. Ninaona hatari hiyo hapa: tutakuwa na «kofia za asili» kwenye maonyesho, na hakuna mtu anayejua kuchuna jani.

Mfano wa tatu uko karibu, katika jimbo letu hili la Maniema. Ndugu zetu Warega wana kofia za bwami, za kusukwa kwa nyuzi na kupambwa kwa kauri, vifungo, shanga, hata mkia wa tembo. Hakuna mtu aliyeweza kuvaa kofia ya ngazi ambayo hakuifikia. Hapo thamani ilipimwa na jamii nzima: nani amevaa, amepitia nini, nani alimpa. Wakoloni walipiga bwami marufuku mwaka 1948. Kofia nyingi za namna hiyo leo ziko katika makumbusho ya ng'ambo, nyuma ya kioo, na watu wanazipima kwa macho peke yake. Nikifikiri juu ya meza yetu ya maonyesho, naona tulifanya vivyo hivyo, ila kioo hakikuwepo.

9. Pointi kwa 20

Mwalimu hawezi kumaliza bila pointi. Kwa wenzangu watakaoitwa kwenye juri, na kwa wanaosahihisha kazi za mikono shuleni, ninapendekeza hivi: jani, pointi 4, utosi, 3, msuko, 5, ukingo na pindo, 4, kufaa kwa mwenye kuvaa, 4. Michoro ya kusukwa ihesabiwe ndani ya msuko. Rangi ya kupakwa na utepe visipewe kitu, ila kutenganisha kofia mbili zilizolingana.

Kwa kipimo hiki nimezirudia zile kofia mbili kichwani mwangu. Ile ya kwanza nisingeipa zaidi ya 7. Ile ya mzee ningeipa 17. Ningemtoa pointi tatu kwa sababu kichwa cha kofia kilikuwa kidogo, na mwenyewe alikubali, akasema aliisuka kwa kichwa chake.

Kuna jambo la bei pia. Mchuuzi wa baiskeli ananunua kofia kwa dazeni, bei moja kwa zote. Tuseme kofia nzuri inachukua siku nne, na mbaya siku moja. Kwa bei moja, msukaji mzuri anajiibia siku tatu kwa kila kofia. Nani atamlaumu akiacha? Na sisi wanunuzi tufanye hesabu ya shule ya msingi: kofia ya bei mara tatu inayodumu misimu minne ni rahisi kuliko ya bei moja inayokufa kila msimu. Anayenunua rahisi mara nne amenunua ghali.

10. Kwa kumaliza

Mwaka jana nilimwagiza mzee kofia mbili, kwa bei aliyoitaja mwenyewe, bila kupunguza. Alisuka moja. Alisema vidole havitaki tena kazi ile ya kubana, vimezoea ile ya haraka, na kuvirudisha ni shida. Kofia hiyo ninayo. Nimeipima kwa vipimo vyote nilivyoandika, na imepita. Ile ya pili ninaingoja, lakini sijui kama itakuja, kwa sababu alipoiweka chini ile ya kwanza aliniambia: «Mutoto yangu, kofia inajuliwa na vidole, inajuliwa na mayi. Ninyi mulikuja na kalamu.»

Basi kwa maonyesho yajayo nina ombi moja kwa watakaoyapanga. Kalamu zibaki, lakini mezani wekeni ndoo ya maji na rula, na kati ya viti vya juri wekeni kimoja cha msukaji.